Ulaghai wa Simu na Hesabu ya Kuutambua

Mji wa Bagamoyo, ulioko katika mwambao wa Bahari ya Hindi yapata kilomita 70 kaskazini ya Dar es Salaam, umezoea tangu kale biashara iendeshwayo kwa kuaminiana. Katika karne ya 19 misafara mingi iliyokwenda bara kutafuta pembe za ndovu ilianzia hapo, na hapo ndipo iliporejea. Wafanyabiashara wa mji, akiwamo Sewa Haji Paroo, waliipatia misafara hiyo bidhaa kwa mkopo, na malipo yakangoja mpaka msafara urudi. Aliyekopesha alimjua mkopaji wake kwa uso, kwa jina na kwa ukoo. Mwaka 1890 waya wa simu ya maandishi ulilazwa chini ya bahari kutoka Unguja hadi Bagamoyo na Dar es Salaam, na tangu hapo neno liliweza kuvuka maji kwa dakika chache bila chombo wala mjumbe.

Leo kazi ya waya ule hufanywa na simu ya mkononi. Mchuuzi wa samaki wa Bagamoyo humlipa mvuvi kwa simu. Mwenye duka wa Mapinga huagiza mali Dar es Salaam kwa simu. Mzazi wa Zinga humtumia mwanawe aliye shule ya bweni fedha za nauli kwa simu. Huduma hii ya fedha ilianza nchini Tanzania mwaka 2008, na leo kibanda cha wakala wake huonekana hata katika vijiji vya wavuvi.

Faida ya huduma hii ni kubwa, walakini imeleta pia hatari mpya. Anayeandika ujumbe haonekani uso wala hasikiki sauti. Ujumbe mfupi wa simu kwa kawaida hauzidi herufi 160, na katika herufi hizo chache mtu asiyejulikana aweza kujifanya ndugu, mwalimu, mwenye nyumba au mfanyakazi wa kampuni ya simu. Hasara yake si jambo dogo. Mtaji wa mchuuzi wa samaki ni fedha ile ile izungukayo kila siku: akiipoteza asubuhi, jioni hana cha kuuza, na kesho yake hana cha kununulia.

Makala haya yanaeleza namna ulaghai wa ujumbe mfupi wa Kiswahili unavyofanya kazi, na namna watafiti wanavyoutambua kwa msaada wa kompyuta. Itaonekana kwamba tapeli na mtafiti hutegemea tawi moja la hisabati, yaani nadharia ya uwezekano, ingawa kila mmoja huitumia kwa nia yake.

HESABU YA TAPELI

Ujumbe wa kitapeli uliozoeleka sana Tanzania ni ule usemao: "Ile hela itume kwenye namba hii." Wengi wameupokea na kuucheka, wakashangaa nani awezaye kudanganyika kwa maneno machache namna hiyo. Jibu lake limo katika hesabu.

Chukua mfano. Tapeli ametuma ujumbe huo kwa watu 2,000 asiowajua. Ikiwa katika kila watu 100 yupo 1 ambaye siku hiyo alikuwa na ahadi ya kumtumia mtu fedha, basi ujumbe umewafikia watu 20 wa namna hiyo. Ikiwa katika kila 10 kati yao 1 hutuma bila kuhakikisha, wamepatikana watu 2. Kila mmoja akituma shilingi 50,000, tapeli amepata shilingi 100,000. Tarakimu hizi ni za mfano tu, lakini zinaonyesha kanuni yenyewe. Tapeli hana haja ya kumjua mtu yeyote. Watu 1,998 wakimpuuza, hapungukiwi kitu kikubwa, kwa kuwa gharama ya kutuma ujumbe ni ndogo mno. Afanyavyo ni kama avuavyo mwenye jarife: hamfuati samaki mmoja, bali hutandaza nyavu na kuiachia bahari ifanye kazi yake.

Mwalimu wa Kiswahili ataona jambo jingine katika ujumbe huo. Neno "ile" ni kionyeshi, na moja ya kazi zake ni kurejelea kitu ambacho msemaji na msikilizaji wamekwisha kukizungumza. Asemaye "ile hela" hudai kwamba mazungumzo yalikwisha kuwapo. Msomaji mwenye ahadi ya kodi ya nyumba huisoma "ile" kuwa ni kodi. Mwenye deni la samaki huisoma kuwa ni deni la samaki. Tapeli hakutaja jina, kiasi wala sababu, na upungufu huo si uzembe. Ndio ufundi wenyewe, kwa kuwa pengo lililoachwa hujazwa na msomaji kwa mambo yake mwenyewe.

Zipo aina nyingine. Upo ujumbe udaio kwamba fedha zimetumwa kwako kwa makosa, nawe uzirudishe. Upo ujifanyao umetoka kwa mwalimu, kwamba mtoto ameugua ghafla shuleni na fedha za matibabu zahitajika. Upo utangazao ushindi wa bahati nasibu ambayo mpokeaji hakuicheza. Aidha yupo apigaye simu akijiita mhudumu wa kampuni na kuomba namba ya siri. Zote hufanana kwa mambo matatu: namba ngeni, haraka, na ombi la fedha au siri.

KUFULI NA MWENYE UFUNGUO

Wanafunzi wengi hudhani kwamba wizi wa mitandao ni kazi ya mabingwa wavunjao mifumo ya kompyuta. Wizi wa aina hiyo upo, lakini mara nyingi si njia iliyo rahisi. Namba ya siri yenye tarakimu 4 ina michanganyiko 10,000. Ikiwa mfumo hufunga akaunti baada ya kukosea mara 3, uwezekano wa kuipata kwa kubahatisha ni 3 katika 10,000. Hapana mwizi mwenye akili atakayeshughulika na bahati ndogo kiasi hicho. Ni rahisi zaidi kumwomba mwenye akaunti afungue mwenyewe.

Hapo ndipo ugumu wa kinga ulipo. Mfumo wa fedha hukagua kama namba ya siri ni sahihi na kama salio latosha. Mtu aliyedanganywa ametumia simu yake, laini yake na namba yake halisi, kwa hiyo mfumo hauoni kosa lolote. Uongo haumo katika muamala bali katika maneno yaliyoutangulia. Kwa sababu hiyo watafiti wameona kwamba kinga haina budi kuanza mapema zaidi, yaani katika ujumbe wenyewe.

UTAFITI WA ARUSHA

Ujumbe wa kitapeli ufikao Bagamoyo ni wa namna ile ile ufikao Moshi, Mbeya au Mwanza, kwa kuwa tapeli huandika kwa lugha isomwayo na nchi nzima. Hivyo utafiti uliofanywa katika kona moja ya nchi huwafaa watu wa kona zote. Mfano mzuri watoka Arusha, katika Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Afrika ya Nelson Mandela. Mwaka 2022 Iddi Mambina, Jema Ndibwile na Kisangiri Michael walichapisha katika jarida la IEEE Access utafiti kuhusu njia ya kuifundisha kompyuta kuutambua ujumbe wa Kiswahili unaowalaghai watumiaji wa fedha za simu.

Kazi kama hiyo ilikwisha kufanywa kwa Kiingereza. Mkusanyo mmoja mashuhuri wa Kiingereza, uliotolewa mwaka 2011, una ujumbe 5,574, na kati yake 747 ni ujumbe usiotakiwa. Lakini mashine iliyofunzwa kwa mkusanyo huo haijui maana ya "tuma", "hela" wala "namba hii". Mashine ya aina hii haina hekima ya kuzaliwa nayo: hujua yale iliyoonyeshwa, na isiyoonyeshwa haiyajui. Watafiti wa Arusha walitumia mkusanyo wa ujumbe 32,259 wa Kiswahili, ambao ni karibu mara 6 ya ule wa Kiingereza. Kuupata mkusanyo wa kadiri hiyo, na kuupanga kila ujumbe katika fungu lake, halali au ulaghai, ni sehemu kubwa ya kazi ya sayansi ya namna hii, ijapokuwa wasomaji wengi huitupia macho na kupita.

HESABU YA MTAFITI

Mashine hutambuaje ulaghai bila kufahamu lugha? Njia iliyo sahili kuliko zote yatokana na kanuni ya Thomas Bayes, kasisi wa Uingereza, ambayo ilichapishwa mwaka 1763, miaka 2 baada ya kufa kwake. Kanuni hiyo huonyesha jinsi ushahidi mpya unavyobadili uwezekano wa jambo.

Chukua mfano wa darasa lililokusanya ujumbe 200, nusu yake ulaghai na nusu yake halali. Wanafunzi wamehesabu maneno matatu, wakapata matokeo yafuatayo:

Neno "tuma": limo katika ujumbe 60 wa ulaghai, na 10 wa halali.
Neno "namba": limo katika ujumbe 70 wa ulaghai, na 20 wa halali.
Neno "shikamoo": limo katika ujumbe 5 wa ulaghai, na 25 wa halali.

Sasa umefika ujumbe mpya wenye maneno "tuma" na "namba". Kwa upande wa ulaghai, zidisha 0.60 kwa 0.70, jibu ni 0.42. Kwa upande wa halali, zidisha 0.10 kwa 0.20, jibu ni 0.02. Uwiano ni 21 kwa 1. Uwezekano kwamba ujumbe huo ni wa ulaghai ni 21 gawanya kwa 22, yaani karibu 0.95.

Ikiwa ujumbe huo una pia neno "shikamoo", upande wa ulaghai utakuwa 0.42 mara 0.05, yaani 0.021, na upande wa halali 0.02 mara 0.25, yaani 0.005. Uwiano umeshuka hadi 4.2 kwa 1, na uwezekano umekuwa karibu 0.81. Neno moja la heshima limepunguza shaka, ingawa halikuiondoa.

Lakini yafaa wanafunzi watazame jambo moja kwa makini. Katika mfano huu ulaghai na halali vilikuwa sawa kwa wingi. Katika maisha ya kila siku ujumbe halali ni mwingi zaidi. Ikiwa katika kila ujumbe 100 mmoja tu ni wa ulaghai, hesabu ya "tuma" na "namba" hubadilika: upande wa ulaghai ni 1 mara 0.42, yaani 0.42, upande wa halali ni 99 mara 0.02, yaani 1.98. Uwezekano wa ulaghai ni 0.42 gawanya kwa 2.40, yaani 0.175 tu. Maneno ni yale yale, lakini hukumu imegeuka. Mashine isiyojali wingi wa ujumbe halali itawasingizia watu wengi wasio na hatia, na mchuuzi anayemwandikia mwenzake kwa haki "tuma kwenye namba yangu" atazuiwa pamoja na matapeli.

UZITO WA MANENO NA KURA ZA MITI

Kanuni sahili ya Bayes ina udhaifu. Huchukulia kwamba kila neno limekuja peke yake, hali katika lugha maneno huandamana. "Tuma" na "namba" ni maneno yapendayo kukaa pamoja, na kuyahesabu kama mashahidi wawili wasiojuana ni kuutia chumvi ushahidi. Kwa hiyo watafiti wa Arusha waliitumia kanuni hiyo kama kipimo cha kulinganishia, kisha wakatafuta njia iliyo bora zaidi.

Hatua ya kwanza ni kulipa kila neno uzito wake. Neno lionekanalo kila mahali, kama vile "na" au "ya", halifundishi kitu. Kipimo kimoja kitumikacho ni logi ya idadi ya ujumbe wote gawanya kwa idadi ya ujumbe wenye neno hilo. Ikiwa neno limo katika ujumbe wote 1,000, hesabu ni logi ya 1, nayo ni 0. Ikiwa limo katika ujumbe 10 tu kati ya 1,000, hesabu ni logi ya 100, nayo ni 2. Kisha kipimo hicho huzidishwa kwa mara ambazo neno limetokea katika ujumbe unaochunguzwa. Kwa njia hii neno adimu hupata sauti, na neno la kawaida hunyamazishwa.

Hatua ya pili ni kuamua. Njia iliyofanya vizuri zaidi katika utafiti huo huitwa msitu wa nasibu. Kila mti katika msitu huo ni mfululizo wa maswali ya ndiyo au siyo: Je, neno hili limo? Uzito wake umezidi kiasi fulani? Kila mti hukuzwa kwa sehemu tofauti ya ujumbe na maneno, ikiteuliwa kwa bahati. Mti mmoja aghalabu hukosea. Lakini mamia ya miti yakipiga kura, makosa ya mmoja husahihishwa na wengine, mradi yote yasikosee kwa namna moja. Wazee wa baraza hufanya vivyo hivyo: kila mmoja amesikia sehemu yake ya habari, na shauri la wote huwa imara kuliko la mmoja.

Watafiti hao waliripoti usahihi wa asilimia 99.86. Ujumbe halali uliodhaniwa kuwa ulaghai ulikuwa 2, na ujumbe wa ulaghai ulioponyoka ulikuwa 4. Haya ni matokeo ya kutia moyo. Hata hivyo mwanafunzi wa sayansi hana budi kukumbuka kwamba usahihi huo ni wa mkusanyo ule uliotumika katika majaribio. Jaribio la kweli ni ujumbe wa kesho, ambao tapeli bado hajauandika.

TAPELI HAKAI MAHALI PAMOJA

Ugonjwa wa mihogo haujui kwamba mkulima anauchunguza. Tapeli anajua. Akiona ujumbe wake unanaswa, huandika "nmba" badala ya "namba", au huweka nukta katikati ya neno. Kwa mashine ihesabuyo maneno mazima, "t.uma" ni neno jipya kabisa.

Kiswahili chenyewe huongeza ugumu. Mzizi mmoja huzaa maneno mengi: tuma, itume, nitumie, umetumiwa. Kwa mwenye lugha haya ni ya ukoo mmoja. Kwa mashine ni maneno manne yasiyojuana. Njia mojawapo ya kutatua shida hii ni kulikata neno vipande vya herufi tatu tatu. "Nitumie" hutoa nit, itu, tum, umi na mie. "Itume" hutoa itu, tum na ume. Vipande "itu" na "tum" vimo katika maneno yote mawili, na hivyo mashine huanza kuuona ukoo. Kwa kuwa "tum" imo pia katika "tumaini" na "tumbo", kipande kimoja hakitoshi kutoa hukumu. Vipande vyote vya ujumbe hutazamwa kwa pamoja.

Hatari nyingine hazina maneno ya kuhesabiwa. Ya kwanza ni wizi wa laini. Mhalifu humlaghai mhudumu, au hushirikiana naye, ili namba ya mtu ihamishiwe kwenye kadi nyingine. Namba haibadiliki, lakini kila kadi ina utambulisho wake wa ndani, wenye tarakimu zisizozidi 15, nao hubadilika. Mfumo wa benki ukilinganisha utambulisho wa jana na wa leo, waweza kuchelewesha malipo makubwa mpaka mwenyewe ahakikishwe.

Ya pili ni kuigiza sauti. Mwezi wa Januari 2023 kampuni ya Microsoft ilitangaza mfumo uitwao VALL-E, uwezao kuiga sauti ya mtu baada ya kuisikia kwa sekunde 3. Watafiti wa mataifa mbalimbali wamekuwa wakishindana tangu mwaka 2015, katika mashindano yaitwayo ASVspoof, kutafuta njia za kutofautisha sauti ya binadamu na ya mashine. Tapeli wa kesho huenda asiandike "ile hela". Huenda akaitamka kwa sauti ya mjomba.

Ya tatu ni kuuzidi nguvu mfumo mzima. Mwezi wa Julai 2023 mfumo wa eCitizen wa Kenya, utoao huduma za serikali, ulilemewa na maombi mengi bandia yaliyotumwa kwa makusudi. Shambulio la namna hii hutambuliwa kwa kulinganisha idadi ya maombi kwa kila sekunde na idadi ya kawaida ya saa hiyo. Lakini si kila hitilafu ni uhalifu. Tarehe 12 Mei 2024 intaneti ilidhoofika Tanzania na katika nchi jirani kwa sababu nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilipata hitilafu. Hakukuwa na haja ya kumtafuta adui pale palipohitajika meli ya matengenezo. Kutofautisha ajali na shambulio ni sehemu ya elimu hii.

SIRI ZA WATU NA SHERIA

Mashine hujifunza kwa kusoma ujumbe, na ujumbe ni siri za watu. Humo mna habari za ugonjwa, madeni, posa na ugomvi. Haifai kuwakinga watu na tapeli kwa kuwafunulia siri zao. Kwa hiyo mtafiti hupaswa kupata ridhaa, na kuyafuta majina na namba kabla ya kuanza kazi. Njia nyingine ni kuiweka programu ndani ya simu yenyewe, ili ujumbe uchunguzwe pale pale bila kupelekwa kwingine.

Tanzania ina sheria mbili zinazohusika hasa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 huuhesabu ulaghai kwa njia ya kompyuta kuwa ni kosa la jinai. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023, huweka mipaka ya ukusanyaji wa habari za watu. Aidha, usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza mwaka 2019. Usajili huo umeifanya laini iwe na mwenyewe, lakini haukuumaliza ulaghai, kwa sababu wapo wanaosajili laini kwa vitambulisho vya watu wengine, pasipo wenyewe kujua. Kila mwananchi aweza kubonyeza *106# ili kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake.

JARIBIO LA DARASANI

Mwalimu wa hisabati na mwalimu wa Kiswahili waweza kulifanya jaribio hili kwa pamoja, bila kompyuta.

1. Wanafunzi waandike kwenye vipande vya karatasi ujumbe 40 wa kitapeli waliowahi kuupokea au kuusikia, na ujumbe 40 wa kawaida. Majina na namba za watu zisiandikwe.
2. Ujumbe 30 wa kila fungu utumike kufundishia. Wahesabu maneno 10 wanayoyachagua, na kuandika jedwali kama lile la mfano hapo juu.
3. Ujumbe 20 uliobaki uchanganywe, na kundi jingine la wanafunzi liuamue kwa kutumia jedwali pekee, bila kufuata hisia.
4. Wahesabu makosa ya aina mbili: ulaghai ulioponyoka, na halali uliosingiziwa. Wajadili kosa lipi lina madhara zaidi kwa mchuuzi, kwa mzazi na kwa kampuni ya simu.
5. Mwishowe kundi moja liandike ujumbe mpya wa kitapeli ambao jedwali halitaunasa, na jingine lilirekebishe jedwali. Ujumbe huo usitoke nje ya darasa.

Ikiwa neno fulani halikuonekana kabisa katika fungu moja, kuzidisha kwa 0 kutaiharibu hesabu yote. Dawa yake ni kuongeza 1 katika kila hesabu ya neno, na 2 katika idadi ya ujumbe wa kila fungu, kabla ya kugawanya. Wanafunzi waulizwe kwa nini.

KINGA ILIYO MKONONI

Mashine itambuayo ulaghai yaweza kumwonya mtu. Haiwezi kuamua kwa niaba yake. Hesabu iliyoonyeshwa hapo juu yaeleza sababu: kwa kuwa ujumbe halali ni mwingi, tahadhari nyingine zitakuwa za bure, na mwenye simu ndiye ajuaye kama kweli ana deni. Alichonacho yeye, ambacho mashine haina, ni kumjua mtu anayedhani kwamba anaandikiwa naye.

Hivyo kanuni ya kwanza ni kumpigia mhusika kwa namba iliyokuwa ikijulikana tangu awali, si kwa ile iliyoletwa na ujumbe. Kanuni hii hufaa pia dhidi ya sauti ya kuigizwa. Ya pili, namba ya siri haiombwi na mfanyakazi yeyote wa haki. Makampuni ya simu yamekwisha kuwatangazia wateja kwamba wahudumu wao hupiga kwa namba 100. Ya tatu, ujumbe wa kitapeli upelekwe kwenye namba 15040 iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, badala ya kufutwa tu.

Kanuni hii ya tatu ina maana kubwa kuliko inavyodhaniwa. Mtu mmoja akiufuta ujumbe, amejikinga mwenyewe. Akiupeleka panapohusika, namba iliyoutuma yaweza kufungiwa kabla haijawafikia wale wachache ambao siku hiyo wana ahadi ya kutuma fedha. Hesabu ya tapeli husimama juu ya watu 1,998 wampuuzao na kunyamaza. Watu hao wakiacha kunyamaza, hesabu yake haitalingana tena.